Msimnyanyue

Mtaani walimwita Mama Vifungo. Alikuwa fundi cherehani, na hakuna mteja aliyetoka kwake na kifungo kinachoning'inia. Kila asubuhi alitoa cherehani barazani, penye mwanga, akashona sare za shule. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Akipita na ndoo yake ya zana, lazima amchokoze.

"Nishonee mke mwingine. Huyu ana maneno mengi."

"Kitambaa cha kumtosha mke wa pili hakijafumwa," Mama Vifungo alimjibu bila kuinua macho.

Wakacheka, mume akaenda kazini. Ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwao.

Siku moja mume hakurudi kwa miguu yake.

Alikuwa juu ya jukwaa, anapiga lipu ukuta wa ghorofa. Ubao ukateleza. Akaanguka chali juu ya kifusi. Hakuzimia. Alisema mgongo unamuuma sana. Wa kwanza kumfikia alikuwa mdogo wake, mpakizi wa duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa jirani. Alimshika kaka yake kwapani. Wengine wakashika miguu. Wakamkunja kama mkeka, wakampakia nyuma ya pikapu, wakamkalisha. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kichwa kiliyumba huku na huku mpaka hospitali.

Daktari alisema uti wa mgongo umeumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mgonjwa hasikii kitu.

Mama Vifungo alifika hospitali akiwa bado na uzi begani. Alimkuta shemeji yake kwenye korido, anasimulia.

"Hatukupoteza muda, shemeji. Tulimzoa, tukaondoka."

Mama Vifungo akamshukuru. Siku ile alimshukuru, kwa kuwa hakujua.

Mume aliporudishwa nyumbani, majirani walikuja kumjulia hali. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyefanya kazi kwenye gari la wagonjwa. Watu walimwita Sajini, maana sauti yake ingeweza kusimamisha lori. Alikaa, akapewa chai, akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza.

"Alibebwaje?"

Mama Vifungo akamweleza. Sajini akaweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado nusu.

"Mbona humalizi chai? Sema."

"Mtu aliyeanguka kutoka juu hanyanyuliwi hivyo," Sajini alisema. "Anaachwa alivyo. Mtu mmoja anamshika kichwa kisitikisike, mwingine anapiga simu. Ndani ya mfupa wa mgongo unapita uti wa fahamu. Mfupa ukiwa umevunjika, halafu ukamkunja mtu, uti ule unaweza kuumia zaidi, hata kukatika."

"Kwa hiyo wao ndio waliomlemaza."

"Sijui. Huenda uliumia alipoanguka. Huenda alipobebwa. Hakuna atakayejua."

Jibu hilo lilimchoma Mama Vifungo kuliko yote. Angeambiwa ni wao, angejua pa kuipeleka hasira yake. Angeambiwa si wao, angemeza mate, akanyamaza. Sasa alibaki na kaa la moto mkononi, hana pa kuliweka.

Akalitua kwa shemeji. Shemeji akija, yeye anatoka. Shemeji akisalimia, cherehani ndiyo inayoitikia. Mama mkwe akamwita pembeni.

"Mwanangu, hasira hasara."

"Hasara nimekwisha kuipata, mama. Kilichobaki ni hasira."

Jioni moja alikwenda kwa Sajini. Hata hodi hakupiga vizuri.

"Haya mambo unayoyajua wewe, mbona mtaa mzima hatuyajui? Mnayafungia ndani ya gari?"

Sajini alikuwa anafua sare yake. Hakukasirika. "Umesema kweli. Tuko wachache, na watu hawajafundishwa. Chuo chetu kinaandikisha wanafunzi sasa. Kinafundisha wahudumu wa dharura. Njoo ujifunze."

"Mimi fundi cherehani."

"Mikono unayo. Macho unayo. Hasira ndiyo hiyo, imejaa nyumba yangu. Njoo nayo."

Mama mkwe alipopata habari, alishika kiuno. "Umwache mumeo kitandani, ukashike damu za watu baki?"

Mume ndiye aliyejibu, kutoka kitandani. "Mwache aende, mama. Hapa nyumbani amenuna mpaka cherehani inamwogopa."

Basi akaenda. Asubuhi alikuwa chuoni, mchana anashona. Mama mkwe alibaki na mgonjwa, huku akinung'unika.

Mkufunzi alikuwa mwanamume mfupi, mpole wa sauti. Somo lake la kwanza lilikuwa kusimama.

"Kabla ya kumgusa mgonjwa, simama utazame. Kuna waya wa umeme? Kuna gari linakuja? Kuna kitu kitaanguka? Ukianguka na wewe, tutakuwa na wagonjwa wawili na hatuna mwokozi."

Walijifunza kuvaa glovu. Walijifunza kumwita mgonjwa, na kutazama kifua kama kinapanda na kushuka. Walijifunza kukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi, na kutokibandua kila mara kuchungulia. Walijifunza kwamba mtu asiyeitikia na asiyepumua hasubiri: unaita msaada, unaweka viganja katikati ya kifua, unakandamiza kwa nguvu na kwa haraka, unakiacha kifua kiinuke, unakandamiza tena, bila kukoma, mpaka msaada ufike. Walifanyia mazoezi mwanasesere mkubwa wa plastiki. Mama Vifungo alimkandamiza kwa hasira zake zote.

"Polepole na roho yako," mkufunzi alisema. "Huyu hajakukosea kitu."

Ukaja mtihani wa vitendo. Mwanafunzi mmoja alilala chini, kajifanya ameanguka kutoka kwenye ngazi. Wengine walijifanya watu wa mtaani. Wakamzunguka, wakapiga kelele, "Mbebe, mbebe." Mama Vifungo akapandwa na hasira. Akawafokea. Mmoja alimsukuma kweli. Akawafukuza mpaka mlangoni, akarudi anahema.

Mkufunzi alikuwa ameinama juu ya aliyelala.

"Umewafukuza watu vizuri sana," alisema. "Mgonjwa wako amekufa. Ulimi ulimziba koo, na wewe ulikuwa mlangoni unagomba."

Akamfelisha.

Mama Vifungo alirudi nyumbani akitembea kama anayekanyaga nyoka kila hatua. Akamsimulia mumewe. Alidhani mume atamtetea.

"Ulikuwa unamfokea nani?" mume aliuliza. "Wanafunzi wenzako, au mdogo wangu?"

Mama Vifungo akavuta shuka, akamfunika miguu.

"Hata mimi nina hasira," mume akaendelea. "Akiingia na matunda yake, natamani kumrushia. Halafu nakumbuka. Siku ile nilikuwa nimelala pale chini, nawaona. Wengine walitoa simu wakapiga picha. Yeye alikuja mbio."

"Alikuja mbio akakuumiza."

"Alikuja mbio, hajui. Fikiria angekuja mbio, na anajua."

Kesho yake Mama Vifungo akamweleza Sajini. Sajini akacheka kidogo.

"Kosa letu sote la mwanzo. Watu huwezi kuwafukuza, watarudi. Wape kazi. Mtazame mtu mmoja, mwonyeshe kidole, mwambie afanye nini. Mwenye kazi hapigi kelele."

Mkufunzi alimpa nafasi ya kurudia mtihani. Lakini kabla siku hiyo haijafika, ulikuja mtihani mwingine.

Mchana mmoja alikuwa akitoka chuoni, anapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Lori lilikuwa linapakuliwa saruji. Mpakizi mmoja, juu kabisa ya mifuko, alikosea hatua. Alianguka na kutua kwa kichwa na bega kwenye sakafu ya zege. Watu wakapiga ukelele, wakakimbia. Mama Vifungo alipofika, mtu alikuwa ameshainama na kutia mikono yake kwapani mwa majeruhi.

Alikuwa shemeji.

"Mwachie."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa shemeji tangu aanze kumnunia.

"Anaumia, shemeji. Tumpeleke hospitali."

"Ukimnyanyua nitakuvunja mikono."

Shemeji akaiondoa mikono taratibu. Maneno yote aliyoyalimbikiza Mama Vifungo yalikuwa kooni, yanataka kutoka. Akasimama. Akatazama. Mifuko ya juu ilikuwa imeegemea upande wao.

"Dereva, zima gari, vuta breki. Ninyi wawili, isogezeni ile mifuko isituangukie."

Kisha akatoa glovu na kitambaa safi mkobani, akavaa glovu, akapiga magoti. "Kaka, unanisikia? Usigeuze shingo. Nijibu kwa mdomo tu."

"Nasikia," majeruhi alisema. "Shingo inauma."

Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Damu ilitoka juu ya sikio. Kichwa kilihitaji mtu wa kukishika, na mtu wa karibu alikuwa mmoja tu. Mama Vifungo alimtazama shemeji. Angetamani awe mwingine yeyote.

"Piga magoti hapa, nyuma ya kichwa. Kishike pande zote mbili. Kama kilivyo. Usikivute, usikinyooshe. Nzi akitua puani mwako, mwache atembee."

Shemeji akashika. Mama Vifungo akaweka kile kitambaa kwenye jeraha, akakandamiza. Pembeni, mwanamume mmoja alikuwa ameinua simu.

"Wewe unayepiga picha, simu yako ina kazi nyingine. Piga namba ya dharura. Sema tuko wapi. Sema mtu ameanguka kutoka juu ya lori, anapumua, anaongea, shingo inauma. Usikate mpaka wakuruhusu."

Yule akashtuka, akapiga.

"Mtamuua kwa kumwacha chini," mzee mmoja alifoka. "Tangu lini mwanamke wa sindano akawa daktari?"

Ulimi wa Mama Vifungo ulikuwa tayari. Lakini kitambaa kilikuwa chini ya kiganja chake, na kifua cha mtu mbele ya macho yake.

"Mzee wangu, jua linampiga machoni. Chukua lile boksi, simama upande huu, umkinge."

Mzee akachukua boksi, akasimama kama mlinzi.

Gari la wagonjwa lilikuja na king'ora. Sajini alishuka, akaona kichwa kimeshikwa, damu imezuiwa, njia iko wazi. Hakusifu. Alimvisha majeruhi kola ya shingo. Wakamgeuza wote kwa pamoja, mwili mzima mara moja kama gogo, wakamlaza kwenye ubao, wakamfunga mikanda. Shemeji hakuachia kichwa mpaka Sajini alipomwambia, "Sasa."

Gari likaondoka. Shemeji alibaki amekaa chini.

"Ningemnyanyua," alisema.

"Ndiyo."

"Kama kaka."

"Ndiyo. Kama kaka."

"Ni mimi niliyemlemaza, shemeji?"

Mama Vifungo alikuwa amelisubiri swali hilo. Majibu alikuwa nayo, ameyanoa yakanoleka. Akamtazama yule mtu mzima aliyeketi kwenye vumbi la saruji.

"Hakuna anayejua," alisema. "Mimi nilitaka iwe wewe."

"Na sasa?"

"Sasa bado nina hasira. Nina hasira kwamba hatukufundishwa, si wewe, si mimi. Inuka. Njoo umsalimie kaka yako. Na usilete tena matunda, ameyachoka."

Yule mpakizi alikuwa amevunjika mfupa wa shingo. Uti wa fahamu ulikuwa mzima. Alivaa kola kwa muda mrefu, akilalamika kwamba inamwasha, lakini alilalamika akiwa anatembea.

Mama Vifungo alirudia mtihani, akafaulu. Alimaliza mafunzo, akapewa sare. Aliipunguza kiunoni mwenyewe, kwa cherehani yake. Siku asizokuwa kazini, yeye na Sajini walikwenda kwenye viwanja vya ujenzi na maghala kufundisha. Mwenye duka la vifaa aligoma mwanzoni.

"Mnanipotezea muda wa kazi," alisema.

"Muda wa kazi?" Mama Vifungo alimsogelea. "Mume wangu anao muda mwingi sana sasa. Nikupeleke ukauone?"

Mwenye duka akafungua geti.

Wapakizi na waashi wakakaa juu ya mifuko. Mama Vifungo akawaeleza: tazama kwanza hatari, mwite mgonjwa, piga simu, zuia damu, shika kichwa, msimnyanyue. "Isipokuwa pana moto, au gari linakuja, au ukuta unaanguka. Hapo mvuteni, mwili wote kwa mstari mmoja, bila kumkunja. Mkifika pa usalama, mnamwacha alale."

Kisha mtu mmoja akalala chini, na mwashi mmoja akaitwa aonyeshe. Mwashi akatema mate viganjani, akasugua, akaenda moja kwa moja kutia mikono kwapani.

Mama Vifungo alifungua mdomo. Sauti iliyosikika haikuwa yake. Shemeji alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Toa mikono yako hapo. Muulize kwanza kama anakusikia."