Mche Namba 114

Ijumaa, saa kumi alasiri

Chumba cha nyuma cha duka la karanga kilinuka pistachio za kukaanga na sabuni. Pistachio zilikuwa za mjomba wake Pouya. Sabuni ilikuwa ya majambazi.

Majambazi wenyewe walikuwa watatu, na hakuna kati yao aliyewahi kuiba hata peremende. Kamyar ndiye aliyekuwa kichwa cha genge. Golnar alikuwa mkono. Pouya alikuwa mlango. Wote watatu walizaliwa Irani, wakakulia au kukwama hapa Toronto, upande wa kaskazini, ambako ukitupa jiwe linampata mtu anayetaka mwanawe awe daktari wa meno.

"Narudia mara ya mwisho," Kamyar alisema. Alipanga maganda ya pistachio juu ya gunia la lozi. "Huu ukumbi wa kwanza. Huu wa pili. Hiki hapa katikati ni kijichumba."

Kesho yake ulikuwa mtihani wa kuingia shule ya meno. Walikuwa wameusomea mwaka mzima humu ndani, kati ya magunia: kemia, biolojia, kuhesabu vijisanduku kwenye picha, kupanga pembe kwa jicho tu. Lakini kabla ya hayo yote kuna kisu. Mtahiniwa anapewa mche wa sabuni na mchoro, anaambiwa achonge, nusu saa, weka kisu chini. Ukicheka, cheka. Wenye shule zao wanataka kuuona mkono wako kabla hawajauachia kwenye mdomo wa mtu. Unaweza kuijua kemia mpaka unaiota, mkono ukikuangusha unarudi nyumbani.

Kamyar alikuwa ameangushwa mara mbili.

"Miche ikishachongwa kila mmoja unawekwa kwenye kisanduku chenye namba. Pouya ni kibarua wa siku hiyo. Anakusanya, anasukuma kitoroli, anaingiza kijichumbani, anafunga."

"Nafunga kwa kuzuga," Pouya alisema. "Komeo naliacha."

"Mapumziko robo saa. Golnar anaaga kwenda chooni. Anaingia. Mche wake upo kwenye arobaini na mbili, anautoa, anauweka kwenye mia na kumi na nne, namba yangu. Wa mia na kumi na nne unakwenda arobaini na mbili. Anatoka. Mchongo umeisha."

"Umeisha," Pouya alisema. "Na Golnar anafeli."

Pouya alijimiminia chai, akabana bonge la sukari kwa meno ya mbele, akainyonya chai kupitia humo. "Madaktari wa meno hao," alisema. Siku nyingine wangecheka.

Golnar hakuwa mjinga. Alijua anachokitoa. Kila aliyemwona akichonga alisema mkono ule ni wa kuzaliwa nao, na mwaka huu alikuwa tayari kuliko atakavyowahi kuwa tena. Lakini kibali cha Kamyar kilikuwa kinaisha. Asipopata shule safari hii, anarudishwa, na kule anangojewa na jeshi. Golnar alikuwa amepima: mwaka mmoja wake, au Kamyar mzima. Hesabu hiyo haikumsumbua hata kidogo.

"Mwakani zamu yako," Kamyar alimwambia. "Nitakubebea kisu mpaka mlangoni. Nikufie, Golnar."

"Usife. Lete kidole."

Jumatano Kamyar alikuwa amejikata gumba akifanya mazoezi. Golnar alibandua plasta ya zamani, akapuliza kidonda, akabandika mpya, ile ya kitambaa chenye vitundu. Kwa miezi na miezi alikuwa ameushika mkono ule juu ya sabuni, anausogeza polepole, hivi, usikandamize, acha kisu kitembee. Na kila mara Kamyar alikandamiza, sabuni ikakatika vipande viwili, naye akamtazama kwa macho ya mtoto aliyevunja sahani. Hapo ndipo Golnar alipozidi kumpenda.

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi

Novemba ilikuwa imeshaanza kung'ata. Mama yake Golnar alimpitisha binti yake chini ya msahafu mlangoni, kisha akamwaga kikombe cha maji nyuma yake ili arudi salama. Maji yaliganda kwenye ngazi kabla Golnar hajafika barabarani.

"Na Kamyar nimemwombea!" mama alipiga kelele. "Mwambie ale kitu!"

Saa tatu kamili

Watahiniwa waligawanywa kumbi mbili. Kamyar alitumwa wa pili. Alipompita Golnar koridoni hakumtazama. Ndivyo walivyopanga, wasionekane wanajuana. Hata hivyo ilimchoma kidogo.

Bi. Kowalchuk, msimamizi mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alitazama saa. "Anzeni."

Golnar alishika kisu.

Alichonga kwa ajili ya Kamyar. Kila pembe alijiambia, hii ni yake. Pale mche ulipotakiwa kuwa duara aliuzungusha mpaka ukawa duara kweli, na pale pa pembetatu kingo zilisimama kali bila hata ufa. Hakuwa amewahi kuchonga vile, hata chumbani kwake akiwa peke yake. Alipoweka kisu chini alikuwa na furaha kama bibi harusi. Mjinga ni huyohuyo, lakini nani alikuwa wa kumwambia?

Pouya alipita na kitoroli. Akapokea kisanduku namba 42 bila kumtazama usoni.

Saa tatu na dakika thelathini na sita

Koridoni Pouya alikuwa amesimama kando ya mlango wa kijichumba. Hakuwa na utani mdomoni, na Pouya bila utani ni kama chai bila majani.

"Ingia. Fanya haraka."

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Ingia, Golnar."

Aliingia. Visanduku vilipangwa mezani kwa safu. Aliupata wake. Akaipata mia na kumi na nne, akafunua kifuniko, akautoa mche.

Ulikuwa mbaya. Umekwenda upande, ncha imemeguka. Alitarajia hivyo. Kidole chake kikateleza juu ya sabuni, kikasimama.

Upande wa nyuma, pale mchongaji anapoushikilia mche kwa vidole, palikuwa na alama. Vijimwezi vinne, vimezama ndani. Alama za kucha. Kucha ndefu, zilizotunzwa.

Kamyar alikuwa anakula kucha zake mpaka nyama.

Aliugeuza. Akautafuta upande wa gumba. Plasta ile ya kitambaa ingeacha vitundu kwenye sabuni laini. Palikuwa laini tupu.

Alipaswa kutoka. Badala yake alifunua kisanduku kingine. Na kingine. Vifuniko vilikuwa vinaanguka sakafuni naye haviokoti. Namba 131 aliijua kabla hajaigusa.

Kingo safi. Duara limekaa. Na chini, pale gumba linapoegemea, vitundu vya plasta, vimejipanga kama alivyovibandika yeye mwenyewe. Hakuwa bingwa, huyu. Lakini alikuwa fundi, na kila alichokuwa anakijua alifundishwa na Golnar.

Mlango ulisukumwa. "Dada, muda!" Pouya alinong'ona. Kisha akaona mche ulioko mkononi mwake.

"Mia na kumi na nne ni ya nani?"

"Golnar, tafadhali."

"Ni ya nani, Pouya?"

"Ya Taraneh."

"Taraneh yupi?"

"Yule ambaye baba yake ana kliniki. Kule juu, kwenye maghorofa." Pouya alikuwa anaongea na viatu vyake. "Wamechumbiana na Kamyar. Harusi baada ya sikukuu ya Nouruzi. Akimwoa, habari ya kibali imekwisha. Baba mtu alitaka binti afaulu kwanza, na binti hajui hata kushika kisu cha siagi."

Golnar alisikia kila neno. Aliuliza jambo moja tu.

"Tangu lini anajua kuchonga?"

"Tangu kiangazi."

"Mbona sabuni anaikata? Kila siku anaikata, mbele yangu."

"Makusudi. Alisema ukiona amejua utaacha kumhurumia." Pouya alifuta pua kwa mkono. "Nilitaka kukuambia. Wallahi nilitaka. Jana pale kwenye chai nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ila na mimi ameniahidi kazi pale kliniki."

Viatu vilisikika koridoni. Vizito, havina haraka.

"Rudisha! Tutoke!"

Hakurudisha. Mche namba 131 ulikuwa kiganjani mwake, na sabuni iliyochongwa ni kitu dhaifu, ukiibana kwa gumba inapasuka. Kubana tu. Kamyar angeanguka mtihani mara ya tatu, na safari hii kwa mkono wa Golnar. Golnar aliweka gumba lake juu ya alama ya gumba la Kamyar. Akataka kubana. Alitaka kwa moyo wake wote. Lakini ile ilikuwa miezi yake mwenyewe imesimama pale, jioni zote zile, mkono wake juu ya mkono wa Kamyar, na hakuna mahali pengine duniani zilipobaki. Hakuweza. Alilia kimyakimya, kamasi zikimtoka, kama watu wanavyolia wakidhani hawaonekani.

Pouya alikwishaondoka. Alisikika nje akisukuma kitoroli na kumsalimia mtu.

"Kijana, huu mlango mbona wazi?"

"Sijui, mama. Mimi nilifunga."

Bi. Kowalchuk akaingia.

Saa nne kasoro dakika tano

Walimleta Kamyar kwa sababu namba ilikuwa yake. Alisimama mlangoni, mkono wa kushoto mfukoni.

"Nimemkuta binti huyu na mche wako," Bi. Kowalchuk alisema. "Unamjua?"

Kamyar alimtazama Golnar. Alimtazama vizuri tu, kama mtu anayejitahidi kukumbuka.

"Simjui."

"Hujawahi kumwona?"

"Labda dukani. Tupo wengi wa kule. Sijui." Akamgeukia Bi. Kowalchuk. "Samahani, mama. Nitaongezewa muda ninaoupoteza hapa?"

Hilo ndilo lililomvunja Golnar. Uongo alikuwa ameanza kuuzoea, tangu dakika kumi zilizopita alikuwa anazoea mengi. Lakini Kamyar alikuwa na haraka, na haikuwa haraka ya mtu mwenye hofu. Ilikuwa ya mtu mwenye shughuli zake.

"Utaongezewa. Nenda." Bi. Kowalchuk aligeuka. "Na wewe, mwanangu. Nani amekutuma? Taja jina. Ukinisaidia na mimi nitaangalia namna."

Kamyar alikuwa bado kizingitini. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa. Golnar aliuona, na aliona Kamyar alivyojua kwamba neno moja la Golnar lingetosha: mtoe mkono mfukoni, plasta ile nimeibandika mimi.

"Hakuna aliyenituma," alisema. "Nilichukua uliokuwa karibu."

Mgongo ulilegea. Viatu vikaondoka, vikiwahi ukumbini.

Bi. Kowalchuk alifungua kisanduku namba 42. Aliuinua mche wa Golnar kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akauzungusha. Aliuzungusha tena.

"Huu ni wako?"

"Ndiyo."

"Umechonga wewe? Leo? Hapa?"

"Ndiyo, mama."

Mama yule alikaa kwenye kiti kana kwamba amechoka ghafla. "Tangu nywele zangu zikiwa nyeusi nasimamia mtihani huu. Sijauona mche kama huu hata siku moja. Sasa ulikuwa unatafuta nini humu ndani, wewe mtoto? Ulikosa nini?"

Bi. Kowalchuk alitoa kalamu, akapiga mstari mwekundu juu ya namba 42. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba jina lake halitapokelewa tena kwenye mtihani huu, mwakani wala siku nyingine. Aliomba radhi, ingawa halikuwa kosa lake. Kisha akauweka mche kwenye pipa la taka polepole, kwa mikono miwili.

Saa saba mchana

Mama alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Nyumba nzima ilinuka mchuzi wa majani na ndimu kavu.

"Mbona mapema? Vipi?"

"Mimi nimekosa, mama."

"Umekosa vipi? Matokeo si bado?"

"Nimekosa. Usiniulize leo. Nakuomba."

Mama alimvuta ndani, akamvua kofia, akampapasa nywele kama alivyokuwa akifanya zamani kutafuta chawa. Alikuwa mwanamke wa kujua pa kunyamaza, ila hakuweza kunyamaza sana.

"Na Kamyar?"

Golnar alitazama sakafu.

"Amechonga vizuri sana."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Nimeuona kwa macho yangu. Atapita."

Mama akainua mikono yote miwili, mwiko ukidondosha mchuzi kwenye zulia. "Mungu asifiwe! Sasa unalia nini, mjinga wewe? Nyinyi si kitu kimoja? Akipata yeye, umepata wewe. Mpigie, aje ale. Nimemwekea ukoko wote, ule anaoupenda."

Golnar alikwenda jikoni na koti lake mwilini. Ukoko ulikuwa kwenye sahani nzuri, ya wageni, wa dhahabu, umefunikwa kwa kitambaa. Akavuta kiti. Akaanza kuula kwa mkono, kipande baada ya kipande, anatafuna kwa nguvu huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuacha hata chembe.

Mama yake alisimama mlangoni, haelewi.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Utavunja meno."