Saa ya Kimeli

Kompyuta ya chumba cha kunyaushia majani ilipiga chafya.

Cheptoo aliinua mikono kutoka kwenye kibodi. Ilikuwa chafya moja, kavu, ya mtu mzima, na baada yake ikaja harufu ya ugoro. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Nje ya kioo, ukungu wa alasiri ulikuwa umemeza mashamba ya chai hadi barabara ya Kapkatet.

Kazi yenyewe alikuwa amepewa asubuhi. Mwaka ule wa tisini na nane kiwanda kilikuwa kimeunganisha kompyuta zake zote kwa waya, na kila moja ilikuwa na saa yake. Mizani ikisema majani yamefika, chumba cha kunyaushia kinabisha kwamba bado hayajachumwa.

"Tuchagulie seva za saa," alisema Gichuki, fundi mkuu. "Hizo ndizo kompyuta zingine zitakuwa zinaziuliza saa. Lakini chagua tatu, madam. Moja ikidanganya, mbili zitaiumbua. Ukichagua moja, nani atajua ni mwongo?"

"Sawa, bosi. Tatu."

Nyathira, karani wa mizani, aliangua kicheko. "Hata wanaume chagua watatu, wewe! Utakaa hivyo kama sista mpaka lini?"

Cheptoo alicheka ili rafiki yake asione vibaya. Mumewe, Kimeli, alizikwa Merigi mwaka uliopita, na tangu hapo jioni zake zilikuwa za kikombe kimoja na redio.

Seva ya kwanza, hiyo kompyuta yake mwenyewe, ilihitaji jina. Kwao, mtoto akizaliwa, kina mama wazee humtajia majina ya wafu wa ukoo, jina baada ya jina, mpaka apige chafya. Hapo hujua ni nani aliyerudi. Cheptoo, peke yake mle ndani, aliona autanie mtambo hivyo hivyo. Ila hakutaja majina mengi. Alitaja moja tu.

"Kimeli," alisema, akaliandika.

Ndipo ilipopiga chafya.

Seva ya pili hakuichagua, wala ya tatu. Saa zote za kiwanda zilikubaliana papo hapo, na kwenye sakafu ya mbao, kati ya mabomba ya hewa, buti za mpira zilianza kutembea polepole, zikaja, zikasimama nyuma ya kiti chake.

"Cheptoo," sauti ilisema. "Nimechelewa?"

Ilikuwa sauti ya Kimeli. Machozi yalimtoka kabla ya woga. "Umechelewa sana," alinong'ona.

Simu ya ndani ililia. Alikuwa Nyathira. "Mama, saa zinarudi nyuma huku! Wachumaji wamesimama na vikapu, wananiuliza kama leo ni jana. Na mimi... Cheptoo, nimekupigia kwa nini? Huyu aliyebeba kikapu ni nani? Namjua?"

Mwenye kikapu alikuwa Atuti, jirani wa Nyathira wa ukuta kwa ukuta. Cheptoo alimsikia mama huyo akilia, akiita jina la Nyathira.

Akaweka simu chini. Hakugeuka.

"Nyumbani ulikuwa ukiniitaje?" aliuliza.

Feni zote zilizima.

"Unataka nikuite nani?"

Ndipo alipoelewa: kina mama wazee hutaja majina mengi ili yule aliye wao ajitambulishe na yule asiye wao apite, naye kwa upweke wake alikuwa ametaja jina moja, akaufungua mlango, na chochote kilichokuwa karibu, huko kwenye ukungu, kimesikia jina hilo, kikalivaa kama koti la marehemu, kikaingia.

Alirudisha vidole kwenye kibodi. Alichagua seva nyingine tatu: ya ofisini, ya mizani, na ya Nairobi kwa laini ya simu. Akazirudisha kompyuta kwa seva hizo tatu, moja moja. Kwa mbali alimsikia Nyathira akiita, "Atuti! Lete kikapu, mama!" na wachumaji wakicheka.

Ikabaki kompyuta yake tu.

"Usiniache," ilisema nyuma yake, na sasa ilikuwa imejifunza hata ule mkwaruzo wa koo la Kimeli, hata pumzi ile ya mtu aliyepanda mlima na gunia. "Huko nyumbani kuna nani?"

Hakukuwa na mtu. Alijua huyu si Kimeli. Alijua vizuri kabisa.

Akaondoa kidole kwenye kibodi.

"Dakika moja tu," alisema. "Nikae na wewe dakika moja."

Mkono wa baridi ulitua begani mwake. Hakuwa ameguswa na mtu tangu mazishi. Alifumba macho, akaegemeza shavu juu ya mkono huo, na alipoyafumbua mtu alikuwa akigonga kioo.

Alikuwa Nyathira. Alivaa miwani, na nywele zake zilikuwa mvi tupu. Alifuta vumbi kwa kiganja, akachungulia, na macho yake yakampita Cheptoo hadi ukutani.

"Nyathira!" Cheptoo alipiga kelele. "Niko hapa!"

Msichana asiyemjua, mwenye koti la karani wa mizani, alimshika bibi huyo mkono kwa upole.

"Twende, cucu. Kila mwaka unakuja kuangalia. Hakuna mtu humo."