Limi na Kitufe cha "Baadaye"

Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, Mzee Mayala alikaa kwenye kigoda chake kupokea taarifa. Nyumbani kwake, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kishapu, kila mtoto alikuwa na kazi yake na alijibu kwa zamu. Makoye aliulizwa ng'ombe. Salome, dada yao mkubwa, aliulizwa maji. Limi, mwenye miaka kumi na miwili, alikabidhiwa kompyuta ndogo ya nyumbani na simu ya mama, kwa kuwa alijifunza mambo hayo shuleni.

"Mashine zangu zikoje?" baba aliuliza.

"Salama, baba. Nimeshazisasisha."

Ng'ombe baba aliwahesabu mwenyewe. Kompyuta hakujua pa kuanzia, basi aliridhika na jibu.

Kumbe kwa miezi saba, kila ujumbe wa kusasisha ulipotokea, Limi alibonyeza "Baadaye". Kusasisha kulikula bando, na bando yeye alikuwa na kazi nalo: kupakua video za ngoma, wachezaji wakirusha majembe juu na kuyadaka. Alizijaza hadi kompyuta ikawa inajikongoja. Nayo simu ilikuwa hivyo hivyo. Binti huyu alikuwa mvivu, tena mwenye majibu mazuri!

Ikafika siku ya mwisho ya kuomba chuo cha uuguzi. Salome alikuwa ameikosa nafasi hiyo mwaka uliopita, na safari hii cheti chake cha kuzaliwa kilitoka asubuhi ileile. Maombi yalifungwa saa kumi na mbili jioni. Saa kumi alifungua kompyuta. Ukurasa ukagoma: "Kivinjari chako ni cha zamani. Sasisha ili uendelee." Akajaribu simu, nayo ikagoma.

"Mtandao wa huku bwana!" mama alilalamika. "Twende mjini?"

"Tutafika maombi yameshafungwa," Salome alisema, machozi yakimlengalenga.

Limi alisimama mlangoni. Angeweza kunyamaza, na mtandao ungebeba lawama zote. Lakini alimwona dada yake akikunjakunja kile cheti kipya, akashindwa kuvumilia.

"Siyo mtandao," alisema. "Ni mimi. Sijasasisha chochote tangu mwaka jana. Nilikuwa nawadanganya."

Baba aliinuka kwenye kigoda chake. Limi alisubiri fimbo.

"Mayu," baba alimwita, kama anavyowaita binti zake anapozungumza jambo zito, "inatengenezeka?"

"Ndiyo, baba. Nikianza sasa hivi."

Alikaa chini. Kompyuta haikuwa na nafasi, kwa hiyo alifuta video zake zote, hata ile aliyoipenda kuliko zote. Roho ilimuuma, lakini hakusita. Kisha akaunganisha intaneti ya simu ya mama na kuangalia bando. Lilikuwa dogo, lisingetosha kusasisha kompyuta nzima.

"Naanza na kivinjari peke yake," alimwambia Salome. "Ndicho kinachofungua kurasa. Mengine yatafuata."

Mstari wa kupakua ulitambaa. Ukafika nusu, ukakwama. Makoye alipanda na simu juu ya kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, na Limi akamfuata na kompyuta mikononi. Mstari ukaanza kutembea tena. Saa kumi na moja na nusu kivinjari kilijifunga, kikafunguka upya.

Ukurasa ulifunguka! Salome alijaza fomu palepale kichuguuni, akaambatanisha picha za vyeti, akabonyeza "Tuma". Dakika kumi kabla ya muda kwisha, kioo kilionyesha: "Maombi yako yamepokelewa."

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka kuuliza nani anaoa. Salome alimkumbatia Limi nusura wadondoke wote wawili. Limi alicheka huku akilia, kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye video yoyote.

Baba aliwasubiri watulie.

"Limi, umefanya kazi ya mtu mzima leo," alisema. "Mashine hizi zinataka kuangaliwa kila wiki, siyo siku ya shida. Utaikamilisha kazi uliyoibakiza. Ila ujue, ujuzi wako peke yake usingemwokoa dada yako. Ulisema kweli wakati muda wa kutengeneza bado ulikuwepo. Ungekaa kimya, saa hizi tungekuwa tunautukana mtandao, na Salome angesubiri mwaka mwingine."