Kinanda cha Maposeni

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, soko la Songea lilijaa vitu ambavyo zamani kidogo tu tulikuwa tukivisikia kwa wasafiri: sabuni za kunukia, redio kaseti zenye spika mbili, mitumba ya kila rangi. Jumamosi moja ya baridi, mbele ya duka la Mwamvua, kikatokea kioja kipya. Kinanda cha umeme, cheusi, kirefu, kimelazwa juu ya meza kama maiti ya mtu mkubwa, na watu wamekizunguka wanakishangaa.

"Kinapiga chenyewe!" Mwamvua alikuwa akinadi. Alikuwa Myao wa Tunduru, na mdomo wake haukujua likizo. "Bonyeza hapa, kaa, kula muwa wako, muziki unakuja!"

"Na mtu akitaka kukipiga mwenyewe?"

Aliyeuliza ni Emerensiana, mpiga kinanda wa kanisa la Maposeni, aliyekuja mjini kununua nyuzi za sare za kwaya. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, sweta juu, kitenge kiunoni. Ungemwona ungesema huyu hajui kitu. Mwamvua akamwachia nafasi huku akicheka.

Emerensiana akaketi juu ya kreti la soda, akajaribu kibonye kimoja, viwili, kisha akapiga. Hakupiga wimbo wa kanisa. Alipiga kitu chake, kitu alichokuwa akikibuni peke yake kanisani siku za kazi watu wakiwa shambani. Wauza dagaa wakanyamaza. Mama mmoja akaweka kikapu chini.

Alipomaliza, kijana mmoja akajipenyeza mbele. Koti la rangi ya maziwa, mabega mapana, miwani ya jua, na jua lenyewe siku hiyo hakuna!

"Dada, samahani," akasema. "Pale katikati mbona unaruka noti?"

"Naruka nini?"

"Kila ukifika pale kidole kinapita juu, hakigusi. Nimekuangalia."

Emerensiana akaona haya. "Kinanda chetu cha kukanyaga kule Maposeni, kibonye hicho kilikufa. Panya walikula ngozi ya ndani. Nimejifunzia hicho hicho, mkono umeshazoea. Nikifika hapo navuta pumzi, basi."

"Unavuta pumzi," kijana akarudia, akavua miwani. Macho yake yalikuwa mazuri, tena alijua hivyo. "Mimi naitwa Osmund. Bendi ni yangu, Chandamali Jazz. Magitaa tunayo, matarumbeta tunayo, mtu wa kupiga kidubwana hiki hatuna. Njoo utuvutie pumzi."

"Kaka," Mwamvua akaingilia, "unanunua kinanda au unanunua binti?"

"Kinanda nanunua. Binti naomba."

Watu wakaangua kicheko. Emerensiana naye akacheka, akasahau nyuzi mezani kwa Mwamvua.

Kule Maposeni, Mwalimu Polikarp, mwalimu wa kwaya aliyemfundisha kinanda tangu miguu yake haijafika kwenye pedali, hakucheka. "Mwanangu, chagua," alisema. "Mkono unaotoka baa Jumamosi hauwezi kunipigia misa Jumapili."

"Shikamoo, mwalimu," ndilo jibu pekee alilokuwa nalo. Akauinamia mkono wake, akaondoka. Alilia njia nzima hadi Peramiho. Lakini alikwenda.

Lo, maisha yale! Leo Namtumbo, wakulima wameuza tumbaku na wanataka kuchezeshwa. Kesho Tunduru msimu wa korosho. Keshokutwa Mbinga kwenye kahawa. Bendi nzima juu ya lori la mizigo, vumbi mpaka kwenye kope, jenereta likifungwa kamba kama ng'ombe. Kinanda Emerensiana alikizungushia blanketi lake mwenyewe, yeye akajifunika kanga. Watu walikuja kumwona mwanamke anayepiga kinanda, wakabaki kusikiliza.

Na Osmund alikuwa mtamu, tusimnyime haki yake. Alijua kumtafutia kiti cha mbele karibu na dereva. Alijua kumwamsha kwa chai ya tangawizi.

"Emere wangu, umelala au unatunga?"

"Nimelala."

"Muongo. Vidole vinachezacheza."

Kile kitu chake alichokipiga sokoni, akakitilia maneno. Mwanamke anamngoja mtu wake, ugali unapoa, anauliza mlangoni, umekawia wapi? Akauita "Umekawia Njiani". Kila mstari ulikuwa na ile noti iliyorukwa, na pale mwimbaji alinyamaza kidogo, mwanamke aliyemo kwenye wimbo naye akavuta pumzi. Mara ya kwanza Osmund alipouimba, Emerensiana alisisimka. Akampenda siku ile, akampenda kabisa, hana pa kurudi.

"Huu tutaurekodi Dar," Osmund akamwambia. "Wewe kwenye kinanda, jina lako litajwe redioni, Mwalimu Polikarp asikie. Tukirudi, naleta mshenga kwa mama yako."

"Unaniapia?"

"Nakuapia, mlongo wangu. Nife nikikudanganya."

Hayo mawili ndiyo Emerensiana aliyabeba moyoni: jina lake kwenye wimbo wake, na mshenga mlangoni kwa mama. Kwa hayo mawili aliacha kiti chake kanisani.

Mwaliko wa kurekodi ulipofika, mama yake akaugua malaria kali kule Maposeni. "Nenda kamuuguze," Osmund alisema, akimfunga kanga mabegani. "Hatuondoki bila wewe."

Aliporudi mjini, mama kapona, nyumba ya bendi ilikuwa na kufuli. Akakimbilia dukani kwa Mwamvua, ambako kulikuwa na simu, namba yake Osmund anayo. Akangoja pale mpaka alasiri, simu ikalia, na Mwamvua akampa mkono wa simu bila neno. Hilo peke yake lilitosha kumtia hofu.

"Emere, mpenzi! Unanisikia? Tuko Dar."

"Dar? Osmund, ulisema..."

"Walituita ghafla, roho yangu. Ningefanyaje? Nafasi ya studio ukiichezea inakwenda kwa mwingine. Tunarekodi zile za zamani tu."

"Na wimbo wangu?"

Simu ikakoroma. "Wimbo wako unakungoja wewe. Nani ataupiga kama si wewe? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mpe shikamoo yangu. Nakubusu mkono. Ule wa kulia."

Emerensiana akacheka, jamani! Aliweka simu huku akicheka, na Mwamvua akamtazama kwa huruma ambayo hakuielewa.

Msimu wa palizi ulipokwisha ndipo akaelewa. Alikuwa pale pale dukani, anapima kitambaa, redio inaimba. Gitaa likaingia, kisha kinanda. Emerensiana akainua kichwa. Ulikuwa wimbo wake, na sauti ilikuwa ya Osmund. Mkono haukuwa wake. Mkono ule ulikuwa mwepesi, wa mjini, wa mtu asiyewahi kukanyaga pedali, na ulipofika pale pa kuvuta pumzi haukunyamaza. Noti ilipigwa, ikasikika wazi, na Osmund akaiimba vizuri kabisa kana kwamba ilikuwepo siku zote.

"'Umekawia Njiani'," mtangazaji akasema. "Mtunzi na mwimbaji, Osmund, na Chandamali Jazz yake kutoka Songea."

Soko zima likapiga makofi. "Emere, tumekusikia!" muuza vitunguu akapaza sauti. "Umetutoa kimasomaso, binti! Umepiga kinanda mpaka raha!" Mama mmoja akamkumbatia. Kila aliyempongeza alimchoma upya. Aseme nini? Kwamba si mimi? Alisema asante. Alisema asante mpaka midomo ikamkauka, kisha akaingia nyuma ya duka akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikipima.

"Nilijua siku ile ya simu," Mwamvua akasema, akiketi chini naye. "Mpiga gitaa wa Osmund alimwambia mume wangu kwamba wamekodi mpiga kinanda huko huko. Nikasema labda uongo. Nisamehe, shoga yangu."

Bendi ilirudi kwa shangwe, honi za lori kutoka Mfaranyaki hadi sokoni. Osmund alimkuta Emerensiana uani kwao Maposeni anapukuchua mahindi. Alikuwa na viatu vipya, na zawadi mkononi: gauni jekundu la hariri.

"Emere."

"Karibu. Kiti hicho hapo."

"Usinikaribishe kama mgeni, mpenzi."

"Nikukaribisheje? Nimekusikia redioni na watu wengine wote."

Akaketi, akakunja gauni magotini. "Sikiliza. Fomu zao zinataka mtunzi mmoja. Bendi zote zinaandika mkuu wa bendi, ndivyo tunavyofanya. Mimi na wewe si kitu kimoja? Cha kwangu si chako?"

"Na changu?"

Osmund akalikunjua gauni, akalikunja tena.

"Nilikuuliza kwa simu. Ukaniambia unaningoja."

"Ulikuwa na mgonjwa! Nikuumize wakati una mgonjwa?"

"Na noti ile? Nani aliijaza?"

"Yule jamaa alidhani ni kosa, akaliziba. Kusema kweli, mpenzi, hata mimi niliona limekaa vizuri."

Hapo Emerensiana akaweka gunzi chini. Ya jina angeweza kuyameza. Wanaume wanapenda majina. "Wewe ndiye uliyeisikia wa kwanza," akasema. "Sokoni, mtu wa kwanza. Watu wote walisikia kinanda, wewe ukasikia pumzi yangu. Nilikupenda kwa hilo, Osmund. Leo nasikia ni kosa!"

Osmund akamshika mkono, akaanza kulia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Ndiyo shida yenyewe. "Nirekebishe vipi? Sema lolote. Mshenga anakuja wiki hii hii."

"Mshenga asubiri. Jumapili mna bugi, dansi la mchana. Nitakuja kupiga. Wewe shika maikrofoni, sema mbele ya watu wimbo ni wa nani. Neno moja. Mengine yote nimekusamehe."

"Hilo tu? Nakuapia."

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wasichana walivaa blauzi za mabega mapana, vijana walipaka nywele mafuta zikang'aa. Emerensiana alivaa gauni lake la bluu. La hariri aliliacha kwenye mfuko. Mwamvua alikaa mstari wa mbele kama mzazi. Wakapiga nyimbo mbili tatu, kisha Osmund akainua mkono, ukumbi ukatulia.

"Ndugu zangu! Leo nina jambo." Akamgeukia Emerensiana, akapiga magoti mbele ya kinanda, pete mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele hata kabla hajamaliza. "Huyu ndiye mwanamke wa moyo wangu. Na ule wimbo mnaoupenda, 'Umekawia Njiani', niliutunga kwa ajili yake. Emere, utakubali kuolewa nami?"

Vigelegele vikatikisa mabati. Alikuwa anatabasamu, maskini, anasubiri. Alidhani amempa kikubwa kuliko alichoombwa.

Emerensiana akaitazama ile pete. Alimpenda bado, hilo lilimuuma kuliko yote. Kisha akasimama, akalichukua blanketi lake lililokuwa chini ya kinanda, akalikung'uta vumbi.

"Osmund," akasema taratibu, maikrofoni ikamnasa, "nilikuomba neno moja."

Akashuka jukwaani. Mwamvua akamfuata bila kuuliza. Nyuma yao watu wakazomea, wasijue wanamzomea nani.

Wiki ile Mwalimu Polikarp, akipita karibu na kanisa la Maposeni, alisikia "Umekawia Njiani" ukipigwa ndani. Akaingia kwa hasira, fimbo mkononi.

"Emerensiana! Umeondoka, nikanyamaza. Sasa unaniletea muziki wa baa mbele ya altare?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Sitaki shikamoo. Huo si wimbo wa yule bwana wa redioni?"

"Bonyeza hapa, mwalimu."

Mzee akasita, akanyoosha kidole, akabonyeza. Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena, akakanyaga pedali kwa nguvu. Kimya. Akabaki na kidole pale pale, akiusikiliza ule wimbo kichwani, pale palipo na tundu na pale palipozibwa.

"Ulianzia hapa," akasema.

"Hapa. Kabla sijamjua."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu na wakubwa wote wakamwambia anyamaze. Mzee akaketi kwenye benchi kando yake, akangoja amalize.

"Jumapili uje mapema," akasema mwishowe. "Na huo uupige wakati wa sadaka. Polepole. Hauna maneno ya dhambi ukiupiga hivyo."

Jumapili akaupiga. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wakipita mbele na vikapu vya mahindi. Wakautambua mara moja. Akaona vichwa vikigeuka, mama yake akitabasamu kwa aibu. Mkono wa Emerensiana ukafika kwenye kibonye kilichokufa, ukapita juu yake kama ulivyozoea, naye akavuta pumzi. Pale pale, kutoka madawati ya nyuma hadi ya mbele, watoto na wazee kwa pamoja wakaiimba ile noti kwa midomo, kwa furaha, kama redio ilivyowafundisha.

Vidole vyake vikasita. Mwalimu Polikarp akainamisha kichwa. Emerensiana akakanyaga pedali, akaendelea na mstari wa pili.