Arobaini Sita za Hatibu

Kila asubuhi Mwaja alifungua duka peke yake. Aliondoa mbao za mlangoni. Alitundika vitambaa vya merikani na kaniki. Kisha aliburuta gunia la chumvi mpaka barazani, huku akinung'unika.

Watu wa Nyakatuntu walikuja na kahawa na ngozi. Lakini kabla ya biashara, kila mtu aliuliza lilelile.

"Hatibu hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

"Bado?"

"Bado."

Ulikuwa mwaka 1912, wakati wa Wajerumani. Miezi minane nyuma, Hatibu, mume wa Mwaja, alikwenda Bukoba kuuza ngozi. Huko ngiri ilimbana. Utumbo ulinaswa, ukakaribia kuoza. Daktari wa hospitali alimpasua tumbo, akaurudisha utumbo mahali pake, akashona. Kidonda kilipona vizuri. Hatibu alirudi nyumbani kwa miguu yake. Baada ya wiki chache, maumivu ya tumbo yakaanza.

Wateja wote walikuwa na dawa. Mmoja alisema ni jini. Mwingine alisema daktari amesahau mkasi tumboni. Wa tatu alisema Hatibu atafune kahawa ya kuchemsha asubuhi na jioni. Kama maneno yangekuwa dawa, Hatibu angekuwa amepona mara kumi.

Lakini aliyemchosha Mwaja kuliko wote alikuwa ndani ya nyumba. Huyo ni wifi yake, Maua, dada mkubwa wa Hatibu. Alikuja kutoka Tabora kumuuguza ndugu yake. Maua alikuwa mkunga. Alijua kutunza wazazi, yaani wanawake waliojifungua, na aliamini kwamba mtu aliyeumia tumboni ni mzazi tu. Mzazi hulala siku arobaini. Hufungwa mkaja, ule mshipi mpana wa nguo, tumbo likaze. Hukandwa. Hulishwa ashibe.

Basi Hatibu naye alilazwa arobaini. Alipoinuka akaumwa, Maua alisema, "Umeharibu!" Akaanza kuhesabu upya. Sasa ilikuwa arobaini ya sita.

"Wifi, huyu ni mwanamume," alisema Mwaja. "Amezaa nini?"

"Tumbo ni tumbo," alijibu Maua. "Nimetunza wazazi mia. Wewe umetunza wangapi?"

Mchana Maua alileta sinia la ebitoke, zile ndizi za kupika, pamoja na maharage na nyama ya mafuta. Alimsimamia Hatibu mpaka amalize. Haukupita muda, Hatibu alianza kugumia kwa maumivu. Hapo Maua alimpaka samli tumboni na kumkanda kwa kisigino. Hatibu alilia kama mtoto.

Mwaja alikuwa amechoka. Asubuhi Hatibu alicheka na wageni. Mchana alikuwa mgonjwa mahututi.

"Ugonjwa gani huu unaojua saa?" alimwambia siku moja. "Sema tu kwamba hutaki kazi."

Hatibu aligeukia ukutani.

Siku hiyohiyo alifika Feruzi. Huyu alikuwa mtumishi wa hospitali. Alizunguka vijijini akipapasa watu shingo, akitafuta tezi za ugonjwa wa malale. Watu walipanga mstari barazani kwa Mwaja. Feruzi alikuwa ameshika shingo ya tatu aliposikia ukelele.

"Nani anachinjwa humo?"

"Hachinjwi mtu," alisema Mwaja. "Anakandwa."

Feruzi aliingia. Alimwona Maua ameweka mguu juu ya tumbo la Hatibu.

"Mama! Toa mguu!"

Maua alikasirika. "Kazi yako wewe ni shingo. Tumbo linakuhusu nini?"

"Nimeosha vidonda hospitali miaka sita, mama yangu. Nimeona matumbo mengi yaliyoshonwa. Tafadhali, toa mguu."

Maua alitoa mguu. Feruzi alichuchumaa kando ya kitanda.

"Maumivu huanza lini?"

"Akishakula," alidakia Mwaja.

"Nimemuuliza mgonjwa."

"Nikishakula," alisema Hatibu. "Hasa nikishiba. Hapa pananivuta, halafu pananikata."

"Unatapika?"

"Hapana."

"Choo unapata?"

"Kwa shida."

"Leo umejamba?"

Kabla ya kuugua, Hatibu ndiye aliyesalisha watu siku ya Ijumaa. Alivuta shuka akafunika uso.

"Jibu, bwana! Sikuulizi kwa mzaha."

"Nimejamba," ilisema shuka.

"Alhamdulillahi! Basi njia iko wazi. Sasa nifungulieni huo mkaja, mtu apumue."

Mwaja aliufungua upesi kuliko alivyoombwa. Maua alikunja uso.

"Ana nini?" aliuliza Mwaja. "Kuna mkasi?"

"Hakuna mkasi. Ana kovu."

"Kovu tunaliona. Limepona zamani."

"Hilo la nje. Ndani nako kuna kovu, na hilo hatulioni. Ninyi ni wenye duka la nguo. Mmewahi kuona kanzu ambayo mshoni amekosea, akashona kitambaa cha juu pamoja na cha chini?"

"Mara nyingi," alisema Hatibu.

"Ukiivaa inakuwaje?"

"Inavuta. Ukiinua mkono, inakubana."

"Ndivyo lilivyo tumbo lako. Utumbo wa mtu huteleza. Unacheza huku na huku, mwenyewe hujui. Lakini palipoumia, nyama ikipona huweza kushikamana. Utumbo hugandana na utumbo, au na ukuta wa tumbo. Wengi hushikamana hivyo, wala hawaumwi. Wewe unaumwa. Ukila sinia zima, utumbo unajaa, unavuta pale uliposhikwa. Tumbo likiwa tupu, pamelegea."

Kumbe ndiyo maana ugonjwa ulijua saa! Mwaja aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miezi yote hiyo alikuwa akimwita mume wake mvivu, tena mbele ya watu.

"Dawa yake ipi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna dawa ya kunywa ya kuliondoa. Wala halikandwi likaachia. Mtamuumiza bure."

"Basi wampasue tena walitoe," alisema Hatibu. "Nimechoka!"

"Kupasua tena huacha kovu jipya juu ya la zamani. Daktari hupasua pale anapoona hakuna njia nyingine. Wewe utajifunza kuishi nalo. Inuka utembee kila siku, kidogo kidogo. Kulala sana kunakuongezea shida. Usibebe mizigo mizito. Kula kidogo mara nne au tano, usile sinia mara moja. Tafuna vizuri. Kunywa maji. Chakula kinachokuumiza kikumbuke, ukiache. Siku linapouma, weka kitambaa cha maji ya moto, yasikuunguze, upumzike."

"Nitapona?"

"Sitakudanganya. Siku nyingine litauma. Lakini utafanya kazi."

Kisha Feruzi alimgeukia Maua. Alisema polepole, ili neno lisipotee.

"Mama, sikiliza hili. Maumivu yasipoachia, mgonjwa akatapika, tumbo likavimba, choo na upepo vikakatika, basi njia imeziba. Siku hiyo asile. Msimpe sanamaki wala dawa yoyote ya kuharisha. Utumbo ulioziba ukisukumwa kwa nguvu huweza kupasuka. Mbebeni hospitali saa ileile."

"Nimesikia," alisema Maua. Ilikuwa wazi kwamba hakukubali.

Kesho yake Mwaja alimtoa Hatibu nje. Walitembea mpaka mwisho wa shamba la migomba, wakarudi. Hatibu alilalamika njia nzima. Mwaja naye alilalamikia malalamiko yake. Lakini kila siku walifika mbele kidogo. Chakula kiligawanywa. Uji asubuhi, ebitoke laini mchana, mchuzi kidogo, kisha uji tena jioni. Maua aliona huo ni uchoyo, akasema hivyo kwa majirani wote.

Baada ya miezi miwili Hatibu alikaa dukani. Maumivu hayakwisha, lakini yalipungua. Mwaja alianza kulala usingizi.

Ndipo ikaja Maulidi kule Kamuli. Hatibu alialikwa. Mbele yake kuliwekwa sinia la pilau. Alikula matonge machache, akataka kunawa.

"Mzazi ameshiba!" walimcheka wenzake.

Hatibu aliona haya. Alirudisha mkono siniani, akala mpaka sinia likang'aa. Mtu mzima na akili zake!

Usiku alirudi nyumbani akiumwa. Asubuhi yake maumivu hayakuachia. Alitapika mara tatu. Tumbo lilivimba likawa gumu. Mwaja aliuliza bila kuona haya, "Umejamba?"

"Tangu jana, hapana."

Maua aliingia na kikombe. Harufu ya sanamaki ilijaa chumba.

"Weka chini, wifi," alisema Mwaja.

"Amefunga choo! Hii itamfungua."

"Au itampasua. Ulimsikia Feruzi."

"Feruzi ni mpapasa shingo! Huyu ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja."

Hatibu alinyoosha mkono. "Nipe, dada. Nipe chochote."

Mwaja alikinyakua kikombe akakimwaga nje.

Maua alipiga kelele. "Akifa, umemuua wewe!"

"Haya, nitakuwa nimemuua mimi!" alijibu Mwaja, na machozi yakamtoka. Alikuwa na hofu kubwa. Bukoba ilikuwa safari ya siku tatu. Je, kama Feruzi alikosea? Je, kama wifi ndiye anayejua? Lakini alikwishaona kwamba wifi hakosi dawa, na Hatibu hapati nafuu kwa dawa zake. Alitoka akaita majirani.

Wanaume wanane walileta machela. Walimbeba kwa zamu, wanne wanne. Mwaja alitembea pembeni, na kitambaa chenye maji cha kulowesha midomo ya mgonjwa. Hakumpa chakula, hata alipoomba. Njia nzima alimgombeza kimoyomoyo kwa ajili ya lile pilau, na njia nzima alimwombea Mungu.

Siku ya pili, walipokuwa wakipanda kilima, machela ilitoa sauti. Wabebaji walisimama.

"Nani huyo?" aliuliza wa mbele.

"Ni mimi," alisema Hatibu. "Tena inakuja nyingine."

Wanaume waliangua kicheko. Mwaja alipiga magoti njiani akamshukuru Mungu.

Hata hivyo hawakurudi nyuma. Hospitalini, daktari alimlaza Hatibu na kumnyima chakula siku mbili zaidi. Kisha alimpa mchuzi mwepesi, kijiko kwa kijiko. Hakumpasua. Mwaja aliuliza ingekuwaje kama angekunywa sanamaki.

"Huenda msingefika naye," alijibu daktari.

Walikaa Bukoba wiki mbili. Wakati wa kurudi, Mwaja alijiandaa kugombana. Tangu siku ya sanamaki alikuwa akipanga maneno ya kumwambia wifi yake.

Maua alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika bakuli dogo la uji mwepesi.

"Nimempikia kidogo," alisema kabla Mwaja hajafungua mdomo. "Akimaliza, atembee. Au nimekosea tena?"

"Hujakosea, wifi."

"Nilitaka kumpa ile sanamaki kwa mkono wangu, Mwaja. Mkono wangu mwenyewe."

Mwaja alitafuta maneno yake yote makali, hakuyapata. Aliketi barazani karibu na wifi yake, wakalia pamoja.

Hatibu aliishi na kovu lake. Alifuata ngozi mpaka Mabira, kwa mwendo wa pole, na punda akabeba mzigo. Kwenye karamu alikula matonge machache akanawa, waliotaka kucheka wakacheka. Siku nyingine alisimama ghafla dukani, mkono tumboni.

"Mwaja, leo linavuta."

"Kaa," Mwaja alimwambia. Sasa alimwamini. Kisha aliburuta gunia la chumvi mwenyewe, huku akinung'unika, maana kumwamini mgonjwa hakupunguzi uzito wa gunia.