Sarafu Iliyozama Kwenye Barafu

Kwanza uape. Weka mkono kifuani, useme hili halivuki mlango huu. Mimi mwenyewe nilimwapia mke wa fundi kwamba nitakwenda nalo kaburini, lakini kaburi linachelewa na mdomo unaniwasha. Basi sogea.

Unamjua fundi friji, yule tunayemwita Baridi. Mganga hajigangi: friji ya jikoni kwake ndiyo iliyomtia adabu. Ilikuwa ya mteja. Aliileta imezungushiwa kamba, akasisitiza itengenezwe bila kufunguliwa mlango, kisha hakuonekana tena. Sasa friji utaitengenezaje bila kuifungua? Baridi akakata kamba, akaiwasha, ikashika baridi safi, akaipeleka nyumbani.

Ilianza na maziwa. Ya asubuhi yakawa yamekatika mabonge kabla ya adhuhuri. Nyama nayo ikanuka. Na kipimajoto kinaonyesha baridi ile ile inayotakiwa, mkono ukiuingiza unatoka na ganzi. Mama yake Baridi akasema mkwewe anasahau mlango wazi kwa sababu ya umbea. Umbea na nani hakutaja, ila alikuwa ananitazama mimi.

Tungecheka yakaisha, lakini humo ndimo ilimokaa dawa ya binti yao, ile ya sindano za sukari. Nesi alishawaonya: dawa hiyo ikipata joto haichachi wala hainuki, inakufa kimya, na mtoto anachomwa maji matupu. Mtoto alikuwa ameshaanza kiu isiyokatika, macho yamezama. Ikaletwa dawa mpya, nayo ikafa. Mama wa mtoto akataka chupa zipelekwe kwa jirani. Bibi, mama yake Baridi, akagoma, nyumba ya fundi friji ikaombe baridi mtaani?

Baridi akatega mtego wa mafundi. Akagandisha maji kikombeni, akaweka sarafu juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, sarafu huzama, na maji yakiganda tena yenyewe hubaki chini ikitoa ushahidi. Akapiga kufuli mlango wa friji, ufunguo akamvika mama yake shingoni.

Walipofungua, barafu ilikuwa ngumu kama jiwe. Sarafu ilikuwa chini kabisa.

Toka hapo mke wa fundi akawa hawezi kukaa jikoni peke yake, hata mchana kweupe, kwani kwanza huja harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, halafu injini ya friji hunyamaza, halafu nyuma ya mlango uliofungwa mtu hushusha pumzi ndefu, taratibu, kwa raha, kama msafiri aliyekanyaga mchanga wa moto kutwa nzima na sasa ametumbukiza miguu majini.

"Mume wangu," alinong'ona, "kuna mtu humo ndani. Anapumzika."

"Nyamaza. Mama asisikie."

Mama akasikia, kuta za nyumba ile ni masikio yake. Akaitisha kikao mchana huo huo: mkwe arudi kwao, mtoto abaki. Alikuja nesi, wakaja majirani, na mimi mbele kabisa, ningekosaje. Bibi amekaa kitini, kiremba chake cha kijani kichwani, ufunguo kaushika, anaeleza jinsi mwanamke mzembe anavyoua mtoto. Mke wa fundi alikuwa ameikumbatia miguu ya binti yake kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Ndipo pumzi ile ikasikika jikoni, sote tukaisikia, na harufu ya kuungua ikaja ikapita katikati yetu, tukainuka bila kuambizana, tukasukumana mpaka mlangoni, Baridi mbele, bibi nyuma yake kamshika shati, ufunguo ungali mkononi mwake.

Friji ilikuwa wazi. Mbele yake, juu ya kigoda, alikaa bibi. Kiremba cha kijani. Nyayo kazitia ndani katikati ya vyombo, maziwa yanachemka na kumwagika juu ya vidole vyake, na chupa ya dawa ya mtoto kaibana shavuni, inatokota.

Hakushtuka. Akageuka, akamtazama Baridi kwa macho ya mamaye.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Unaniingizia joto."