Simu ya Msusi Haikuwa na Loki

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Ndani mlikuwa na kioo, viti viwili na dirisha dogo ambalo halikupitisha mwanga wa kutosha. Msusi alisuka tangu asubuhi mpaka mgongo ugome. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nywele muda wote, kwa hiyo simu yake hakuishika yeye. Waliishika wateja.

"Simu hiyo hapo, dada," alikuwa akiwaambia. "Fungua picha, chagua mtindo. Usije ukalalamika baadaye kwamba nimekuzeesha."

Simu ikiita, mteja aliipokea na kumwekea msusi sikioni. Ujumbe ukiingia, mteja aliusoma kwa sauti, na saluni nzima ikajua mambo ya nyumbani kwake. Zamani simu hiyo ilikuwa na namba ya siri. Msusi aliiondoa. Alichoka kuitaja kutwa nzima. Na ikiwa kila mteja anaijua, siri iko wapi?

Lakini simu ile haikuwa ya kazi tu. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na alifariki katika ajali mwaka uliopita. Alipokuwa safarini, kila jioni alimtumia binti yao ujumbe wa sauti. Alimwita Bosi, na mtaa mzima ukamwita hivyo. "Bosi, leo punda amegoma katikati ya daraja. Tumepanga foleni, tunamsubiri mheshimiwa apite." Bosi alikuwa na miaka saba. Kila jioni alisikiliza ujumbe mmoja kabla ya kulala. Mmoja tu, kama mtoto anayebana peremende zake zisiishe.

Siku moja mteja mmoja alisogea mlangoni ili aone picha vizuri. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu ilikuwa bado. Pikipiki ikapita polepole, ikiwa na wanaume wawili. Aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, na simu ikaenda.

"Mwizi! Mwizi huyo!" Mteja alitoka mbio, kitana kikiwa kimening'inia kichwani. Watu walimtazama kichwa kwanza. Walipokuja kuitazama pikipiki, ilikuwa imeshakata kona.

"Pole, dada," mtu mmoja alimwambia msusi. "Simu ni kitu tu, utanunua nyingine."

Msusi alikaa chini sakafuni, katikati ya nywele. Sauti ya mume wake ilikuwa mikononi mwa watu wasiomjua.

Kutwa nzima alizunguka mitaani akiulizia simu. Aliuliza wauza nguo, aliuliza wapiga debe, aliuliza hata watoto. Jioni alifika kwa jirani yake akiwa amechoka hoi. Jirani huyo alikuwa fundi simu. Alianza kazi kwa kuwachajia watu simu, ndiyo maana wakamwita Mama Chaji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali.

"Imeibiwa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na sasa jua linazama! Umeshapiga wakufungie laini?"

"Nilikuwa naitafuta simu."

"Simu umetafuta. Laini je? Mwizi amekaa nayo mchana kutwa, shoga yangu. Haina hata loki!"

Mama Chaji alitoa simu yake mwenyewe. Wakapiga kwa kampuni ya simu, na laini ikafungwa. Walikuwa wamechelewa.

Mwizi alikuwa ameshasoma ujumbe wote. Alikuta namba ya mama mkwe, akamwandikia: "Mama, Bosi amelazwa, hali yake mbaya. Siwezi kuongea. Tuma pesa yoyote uliyo nayo kwa namba hii ya muuguzi." Bibi wa watu alituma. Kisha akapanda basi mpaka hospitali ya wilaya, akapita kitanda kwa kitanda akimtafuta mjukuu wake. Alipomkosa, alidhani amekwisha kufa.

Alifika nyumbani kwa msusi jioni ileile. Bosi alikuwa amekaa mlangoni, anakula.

Bibi alimkumbatia, akalia. Kisha alimgeukia mkwewe.

"Nimemzika mwanangu. Leo nimezunguka wodi zote nikimtafuta mtoto wake. Kisa? Simu yako kila mtu anaichezea!"

"Mama, nisamehe. Mimi pia nime..."

"Usiniambie kitu."

Aliondoka bila kuaga. Msusi alibaki amesimama mlangoni.

Kesho yake Mama Chaji alijaribu tena. "Simu za siku hizi unaweza kuzitafuta ukiwa mbali," alisema. "Unaweza kuifunga, hata kufuta kila kilichomo, ukitumia simu nyingine. Nitajie barua pepe yako na neno la siri."

"Barua pepe ipi? Aliifungua muuzaji siku niliponunua simu. Alisema kila kitu kiko tayari."

"Na neno la siri?"

"Hakunipa. Wala mimi sikuuliza."

Walikwenda dukani. Duka lilikuwa limehama, sasa pale paliuzwa viatu. Walikwenda polisi. Askari aliandika taarifa, akauliza namba ya utambulisho ya simu. Msusi hakuwahi kusikia kwamba simu ina namba yake yenyewe, mbali na ile ya kupigia.

Njiani msusi aliuliza swali alilokuwa akiliogopa. "Na zile sauti?"

Mama Chaji alisimama. "Ungekuwa na nakala kwenye akaunti yako, ningezirudisha hata kwenye simu mpya. Lakini zilikuwa ndani ya simu tu. Sitakudanganya, mwenzangu. Zimekwenda."

Msusi alilia palepale barabarani, mchana kweupe, na hakujali nani anamwona.

Ilikuwa miezi migumu. Bosi aliulizia sauti kila jioni, kisha akaacha kuuliza. Hilo la kuacha lilimuumiza mama yake zaidi. Jioni moja mtoto alikaa kitandani, akaikaza sauti yake iwe nzito.

"Bosi," alisema. "Mama, ni hivi? Au ni hivi, Bosi?"

"Karibu ni hivyo, mwanangu."

"Siyo. Naanza kumsahau anavyosema."

Msusi aligeuza uso ukutani, akaziba mdomo wake asisikike akilia.

Alipopata simu nyingine, iliyokwisha kutumika, alikwenda nayo moja kwa moja kwa Mama Chaji. Laini mpya aliipata kwa namba ileile ya zamani.

"Nifundishe," alisema. "Nitafanya mwenyewe. Wewe tazama tu."

"Haya. Kwanza namba ya siri ya kufungulia. Usiweke mwaka aliozaliwa Bosi, mtaa mzima unaujua. Halafu laini nayo iwekee namba yake ya siri."

"Laini tena?"

"Ndiyo. La sivyo mwizi ataichomoa, ataitia kwenye simu nyingine, na ujumbe wako wote utaingia kwake. Hata ule wa benki. Sasa ficha ujumbe usionekane wakati simu imefungwa."

Msusi alibonyeza, akakosea, akarudia. Alifungua barua pepe kwa jina lake, akatunga neno la siri refu ambalo hakulitaja hata kwa Mama Chaji. Aliwasha huduma ya kutafuta simu. Aliwasha pia huduma ya nakala, ili picha na ujumbe vihifadhiwe nje ya simu. Mwisho alibonyeza nyota, alama ya reli (#), sifuri, sita, reli. Namba ya utambulisho ikatokea. Aliiandika kwenye karatasi ya kubaki nyumbani.

"Ikiibiwa tena?" Mama Chaji alimpima.

"Nifunge laini papo hapo. Niifunge simu nikiwa mbali. Niwaambie ndugu. Niende polisi na namba hii."

"Na ukiletewa ujumbe, 'Simu imepatikana, weka neno lako la siri hapa'?"

"Nisiweke. Huo ni wa mwizi."

"Umefaulu. Na wateja wako je? Vidole bado vina mafuta."

"Picha nitazichapisha, nizibandike ukutani. Wakitaka kusoma ujumbe, wasome wa kwao."

Mama Chaji alicheka. Msusi hakucheka.

"Bado simu moja," alisema. "Mwizi anaijua namba ya mama mkwe. Yake pia haina loki."

Jumapili walikwenda kwake wote watatu, msusi, Bosi na Mama Chaji. Mama mkwe aliwakaribisha kwa baridi.

"Leo nani amelazwa?" aliuliza.

"Hakuna, Mama. Nilifanya uzembe, na wewe ukaumia. Nimekuja tuilinde simu yako. Na mtu akikuandikia tena kwa jina langu, nipigie kwanza usikie sauti yangu."

Bibi aliitoa simu, ambayo mwanawe alimnunulia, akampa. Msusi aliweka kila kitu kama alivyofundishwa, huku bibi akitunga namba yake ya siri. Ilipofika zamu ya nakala, msusi alisita.

"Mama, hapa kuna ujumbe wa sauti. Haujafunguliwa."

"Sijui kufungua hizo. Mwanangu alizoea kunipigia."

"Ni wake. Ni wa usiku wa ajali, Bosi alipolala kwako."

Bosi alinyoosha kidole kuubonyeza.

"Ngoja," msusi alisema, akakizuia kidole. "Kwanza nakala."

Aliuhifadhi kwenye akaunti ya bibi. Akautuma kwenye simu yake, akauhifadhi na huko. Mama Chaji alihakikisha, akaitikia kwa kichwa. Ndipo msusi akabonyeza.

"Mama, nimepiga hupokei. Niko salama, ila huku mvua haishiki breki. Mwambie Bosi asinisubiri, alale. Nitamkuta asubuhi."

Bibi alijishika kifua. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima natembea naye mfukoni, na yeyote angeweza kuninyang'anya."

Msusi alimshika mkono, na safari hii bibi hakuuondoa. Walilia pamoja.

Bosi hakulia. Alikuwa ameisogeza simu sikioni, amefumba macho, midomo yake inafuata maneno.

"Ndivyo anavyosema," alisema. "Rudia, Mama."